Hiyo "tu" mliyomwekea Mambéty imeniuma

Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ni msanii wa jukwaani hapa Dar. Wiki iliyopita mlitoa makala ya waongozaji filamu wa Afrika, Djibril Diop Mambéty wa Senegal mkampa sentensi moja, eti alitengeneza filamu ndefu mbili tu, basi mkapita. Hiyo "tu" ndo imenifanya niandike.

Jamani huyu mtu alianzia jukwaani kama sisi. Kazaliwa Colobane, Dakar, 1945, akaingia kuigiza Théâtre Daniel Sorano ambao ndo ukumbi wa taifa kule, wakamfukuza kwa mambo ya nidhamu. Shule ya filamu hajasoma. Mimi nilishawahi kutolewa kwenye kikundi kimoja cha maigizo nikakaa mwaka mzima nauza vocha, siwezi kufika popote nikasikia watu wanafanya mazoezi, roho inauma, kwahiyo nikisoma kwamba yeye alitoka pale akashika kamera, mpaka 1973 akiwa na miaka 28 akapeleka filamu yake ndefu ya kwanza, Touki Bouki, kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, nanyamaza kwanza. Jina ni Kiwolof, safari ya fisi. Bajeti ilikuwa kama dola 30,000 hivi. Ile pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na mapembe yake imefungwa mbele ya usukani imetoka humo, 2018 Beyoncé na Jay-Z wakapiga picha ya ziara yao kwa kuifuata na mdogo wangu mpaka leo anaamini wameibuni wao.

Filamu ndefu ya pili, Hyènes, ni ya 1992. Hapo ndo unaona mtu wa jukwaani hajaacha jukwaa, kachukua tamthilia ya Dürrenmatt wa Uswisi kaihamishia Colobane kwao, bibi tajiri anarudi na pesa za kuugawia mji mzima ila anataka roho ya mwanaume aliyemtia mimba ujanani akamkana, na wewe mtazamaji unaanza kuona watu wa mji mmoja mmoja wanavaa viatu vipya vya njano vya mkopo kabla hata hawajakubali kuua. Hakuna hotuba yoyote, ni viatu tu. Na sisi huku tumo, mwenyewe alieleza kwamba tembo wa filamu hiyo aliwaazima kwa Wamasai wa Kenya na fisi Uganda.

Alafu hizo fupi mnaziachaje? Ile ya mwisho, La Petite Vendeuse de Soleil, ina dakika 45, ya binti Sili anayetembea na magongo akaamua kuuza gazeti la Le Soleil mitaani maana wavulana wanauza na yeye haoni kwanini asiuze. Wanamsukuma, wanamuibia gongo, rafiki yake anambeba mgongoni wanaendelea. Mambéty alifariki Paris Julai 1998 kwa saratani, filamu ikatoka 1999 hayupo.

Mhariri, nyie ni watu wa gazeti, hiyo filamu ni ya muuza gazeti. Naomba ukurasa mmoja kamili wa huyu mzee, na picha msiweke ile pikipiki, watu wameshaiona. Wekeni ya Sili na magazeti yake mkononi.

Msomaji wenu, Dar es Salaam