Mbuzi wa kwenye simu

Mama, habari za hapo Kahawa West? Mimi huku Manchester niko sawa, ni baridi tu na hizi shifti za usiku. Ningepiga lakini haya ya ile ngurario, harusi yetu ya kimila ya Kikuyu, najua nikiyasema kwa simu tutagombana, wacha niandike.

Nasikia Baba Mdogo bado amenuna eti simu ndio iliharibu sherehe. Sasa mimi niliyekuwa ndani ya hiyo simu niseme nini? Nilikuwa nimekaa kwa ngazi karibu na chumba cha kufulia hapa kazini, nimeomba dakika ishirini, na nyinyi mmeniegemeza kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo naangalia paa la tenti na nusu ya kofia yake. Mbuzi alipokatwa nilisikia vigelegele vya ngemi, nikaona mguu unapita, netiweki ikapotea.

Yeye kinachomuuma ni hela za mahari, anasema mila inataka zihesabiwe mezani wazee wakiona, si wakwe wanasimama pale wakibonyezabonyeza. Na kweli ilikuwa kichekesho, M-Pesa si haipitishi zaidi ya laki mbili na nusu kwa mara moja, ikabidi hao mbuzi wa mahari watumwe kwa hela awamu mbili na wazee wazima wanangoja mesej kama watoto wanangoja matokeo ya mtihani wa KCSE. Lakini mwambie polepole, hiyo noti anayoililia nayo tuliletewa. Shilingi imekuja 1921 na Mwingereza, kabla yake ilikuwa rupia, na watu walizitafuta hizo rupia juu ya kodi ambayo mkoloni alitoza kila nyumba, ukikosa unaenda kuitafuta kwa shamba la mzungu. Mbuzi wa mababu walikuja kwa miguu yao! Kama akina Guka, babu zetu, walikubali kuhesabu mbuzi kwa noti na bado ikaitwa mila, hii ya simu naye ataizoea.

Mimi kilichoniuma ni kwamba Baba hayupo na mimi ndiye kifungua mimba, nilifaa kukaa kando ya Baba Mdogo, na hakuna aliyeuliza hicho kiti ni cha nani kwa sababu mchango wangu wa tenti na wapishi ulikuwa ushaingia tangu Alhamisi, mkaandika barikiwa barikiwa kwa grupu ikaisha.

Cucu, nyanya yetu, peke yake ndiye alinitafuta. Nilimsikia akiuliza "huyu kijana mmemweka wapi", akaibeba simu na mikono miwili, nikaona kidevu, nikaona shuka, halafu akatema mate ya baraka pu! kwa skrini. Watoto wakacheka, mtu akasema simu ya watu itaharibika. Mimi huku kwa ngazi nilikuwa nimeshainamisha kichwa, mwenzangu akapita na kikapu cha mashuka akaniuliza kama naumwa.

Kwa hivyo kabla hujanijibu ya Baba Mdogo, niambie kwanza Mama, ile simu nani aliipangusa?

Mwanao