Tuhesabu mikoko iliyopona, si iliyopandwa

Mhariri,

Habari za upandaji wa mikoko huishia mara nyingi kwenye idadi ya miche iliyochomekwa siku ya sherehe. Idadi hiyo peke yake haituambii kitu. Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na pale yanapofikia maji ya bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu). Ikipandwa chini ya hapo, kwenye tope tupu (ambalo huchaguliwa kwa kuwa halina mgogoro wa umiliki), miche hufunikwa na maji kwa saa nyingi mno, mawimbi huing'oa, na viumbe wenye magamba huganda shinani hadi ikalala. Tena, kati ya aina zote za mikoko, hupandwa moja tu, ile iitwayo hasa mkoko (Rhizophora), kwa vile mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota, hata mahali pa aina nyingine kama mlilana au mchu.

Kwenye mabwawa ya kufugia kamba yaliyoachwa, bomoa kwanza ukingo ulioziba mkondo wa zamani. Maji yakirudi kujaa na kupwa, na kukiwa na miti mizazi karibu, mbegu huja zenyewe. Wafadhili walipie miche iliyo hai baada ya miaka 3, na waandishi wenu waiulizie hesabu hiyo.