Pengo la mshahara limejificha kwenye daraja la kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Kila ifikapo Machi 8 na Mei Mosi mabishano huwa yale yale. Mmoja anasema mwanamke analipwa kidogo. Mwingine anajibu kwamba kima cha chini hakina jinsia, na kwamba haki sawa ni mambo ya kuletwa. Wa kwanza mara nyingi hana hesabu mkononi. Wa pili hajafungua Katiba: Ibara ya 23 inampa kila mtu, bila ubaguzi wa aina yoyote, haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake.

Ukitafuta mwanamume na mwanamke wa kazi moja, meza moja, wenye mishahara tofauti, unaweza usiwapate. Pengo halikai hapo, linakaa kwenye daraja la kazi. Ndiyo maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7(10), haikuishia kwenye kazi inayofanana. Inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Tuchukue shamba la waridi, kama yale ya upande wa Usa River. Kukata na kupanga maua kwa kawaida hupewa wanawake. Kupiga dawa, umwagiliaji na ufundi hupewa wanaume. Mpiga dawa akipewa posho ya mazingira hatarishi, anastahili. Lakini mkataji anayeingizwa kitaluni kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ya kiuatilifu haujaisha anashika majani yenye dawa ileile. Mpakiaji naye anaingia na kutoka kutwa nzima kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4. Anayepanga madaraja ya maua anatenganisha vikonyo vya sentimita 40, 50 na 60, anatambua ukungu na ua lililochanua mno, na akikosea mzigo unakataliwa sokoni. Huyo akiandikwa "kibarua asiye na ujuzi", daraja lake limepangwa kwa kumtazama yeye, si kazi yake.

Si jambo la hapa kwetu tu. Mwaka 1968 wanawake washona viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, Uingereza, waligoma kwa sababu kazi yao ilishushwa daraja. Mgomo ule ulichangia kupatikana kwa Sheria ya Malipo Sawa ya 1970, lakini daraja lenyewe la mafundi wenye ujuzi hawakulipata hadi 1984, baada ya kugoma tena.

Wapo wanaosema wanaume wanapata zaidi kwa sababu ya zamu za usiku. Hoja hiyo naiheshimu, ila ipigiwe hesabu. Kwa wiki ya saa 45, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa saa 195. Tuseme mshahara ni shilingi 400,000: saa moja ni kama 2,051. Nyongeza ya usiku kisheria, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni angalau asilimia 5, yaani shilingi 103 hivi kwa saa. Nyongeza ya zamu 12 za saa tisa tisa kwa mwezi haifiki 12,000. Tofauti ya mwanamume na mwanamke ikiwa 60,000 kwa mwezi, usiku pekee hautoshi kuieleza. Saa za ziada ndizo nzito: saa moja hulipwa mara moja na nusu, na ukomo ni saa 50 kwa kila wiki nne, karibu 154,000 kwa mshahara huo. Hapo swali linageuka: nani anaitwa kufanya saa za ziada? Msimamizi akiwauliza wanaume peke yao kwa kudhani akina mama watawahi nyumbani, ubaguzi umeanzia kwenye ratiba, hata kama karatasi ya mshahara ni safi.

Na ile ya "mwanamume ana familia ya kulisha" haina nafasi kisheria. Majukumu ya kifamilia, ndoa na ujauzito vimetajwa kwa majina miongoni mwa sababu za kubagua zilizokatazwa. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa watoto zaidi ya mmoja. Angalieni zaidi kinachotokea anaporudi: tathmini ya mwaka imempita, nyongeza hakupata, na mwaka unaofuata asilimia inapigwa juu ya mshahara uleule mdogo.

Anayetaka kudai aanze na karatasi za mshahara za miezi mitatu, zake na za mwenzake aliyekubali kumwonyesha. Atenganishe mshahara wa msingi, posho na saa za ziada, kisha alinganishe kazi zenyewe kwa vipimo vinne: ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira. Mwajiri aandikiwe kwanza, kupitia tawi la chama cha wafanyakazi likiwepo. Ikishindikana, ni Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakala apelekewe mwajiri kwanza, asaini kupokea, ndipo fomu ifikishwe Tume. Muda ni siku 60 tangu mgogoro utokee, na 30 tu kama ni kuachishwa kazi. Wengi wanaangukia hapa, wakingoja ahadi ya "tutalishughulikia" mpaka siku zinapita. Wengine wanaandika neno "ubaguzi" bila tarakimu hata moja. Mfanyakazi akishaonyesha msingi wa dai lake, kifungu cha 7(8) kinamhamishia mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Vyama vya wafanyakazi vya Arusha na Moshi navyo vina kazi kabla ya kusaini na mwajiri mkataba mwingine wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi: viweke kipengele cha kubandika orodha ya madaraja yote ubaoni, pamoja na alama za kila kazi kwa vipimo vile vinne na kiwango cha mshahara wake.

Msomaji wako,
Njiro, Arusha