Fuko la maji kwenye pafu halichomwi sindano

Mhariri, salaam.

Nimesoma makala yenu kuhusu ugonjwa wa haidatidi, haya mafuko ya maji yanayoletwa na tegu wa mbwa, na sehemu kubwa mmeandika vizuri tu, ila pale mliposema siku hizi hakuna haja ya kupasua, maji yanavutwa kwa sindano na mgonjwa anaenda zake nyumbani, hapo nilishtuka. Hiyo ni kweli kwa ini, tena sio kila ini. Kwa pafu hapana.

Mimi ni nesi wa thieta, nasimama upande wa kupeana vyuma. Aliwahi kuletwa kijana ambaye huko alikotoka walidhani ana maji ya kawaida kifuani wakamchoma sindano, fuko likapasuka, akatoka vipele mwili mzima, presha ikashuka ghafla, na akikohoa anatoa maji ya chumvichumvi na vipande vyeupe kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Alipona, lakini kazi tuliyoifanya siku ile jamani!

Maji yale ukiyaona ni meupe safi kabisa, kumbe ndani yake mna vichwa vidogo vidogo vya tegu na vikimwagika vinaweza kuota mafuko mapya, na juu ya hapo yanaleta aleji kali inayoweza kumuua mtu ndani ya dakika chache. Kwenye ini, fuko changa linachomwa huku daktari anaangalia kwa ultrasaundi, maji yanavutwa, inaingizwa dawa ya kuua vichwa, inaachwa kidogo halafu inavutwa tena, na mgonjwa anakuwa ameshaanza albendazo, ile dawa ya minyoo. Tena lazima wahakikishe kwanza fuko halijatobokea kwenye mirija ya nyongo maana dawa ikiingia humo inaiunguza. Na lile lililokwisha kufa likawa gumu kama chokaa, halina shida, mara nyingi linaachwa na kuangaliwa tu. Sasa pafu ni laini, linapanda na kushuka kila pumzi na mirija ya hewa imelizunguka fuko pande zote, ukitoboa tu maji yanaingia humo.

Halafu watu wakisikia kupasuliwa pafu wanadhani ni kukatwa pafu. Hapana, nia ni kutoa fuko na pafu libaki. Kifua kinafunguliwa kati ya mbavu, mtu wa nusu kaputi ameshaweka mpira wa njia mbili kwenye koo la hewa ili pafu moja lipumzike na uchafu usivuke kwenda la pili, na sisi tunazungushia fuko vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, mara nyingi ya asilimia 20, ambayo yanaua vile vichwa. Kuna daktari anayevuta maji kwanza ndio atoe utando, na kuna anayetaka litoke zima zima: anachana taratibu ganda la nje, ambalo ni la mwili wa mgonjwa sio la mdudu, kisha pafu linapulizwa polepole na fuko linasukumwa nje lenyewe huku thieta nzima kimya. Likishatoka wengine wanapiga makofi, mimi bado. Shimo linajazwa maji tuone mapovu yanatokea wapi, kila kitundu cha hewa kinashonwa, ndipo shimo lenyewe linazibwa kwa nyuzi. Wakiharakisha hapo mgonjwa anakaa na mpira wa kifuani wiki na wiki unatoa hewa tu. Kipande cha pafu kinakatwa pale tu kimeharibika kabisa.

Fuko likiwa pafu la kulia na lingine juu ya ini, daktari anaweza kupitia kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, akayatoa yote kwa mkato mmoja. La kwenye ubongo linasukumwa kwa maji mpaka linaelea nje. La mfupa ndio silipendi kabisa, halina ganda, linajipenyeza kama saratani.

Kingine mlichoacha ni dawa. Unakuta mtu ameambiwa ana fuko la pafu anakimbilia dukani kununua dawa ya minyoo, hajui kwamba albendazo kabla ya upasuaji inaweza kulegeza fuko kubwa la pafu likapasukia ndani, ndio maana madaktari wengi wanaianza baada ya kupasua, na inakuwa ya miezi sio kidonge kimoja, huku damu inapimwa kuangalia ini.

Kwa hiyo naomba mchapishe marekebisho kabla mtu hajaenda na gazeti lenu mkononi kudai achomwe sindano ya kifua. Hata pembeni kwenye kona ndogo itatosha.

Msomaji wenu,
Nesi wa thieta