Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya: Kigoma Inahitaji Kalenda Yake

Mstahiki Meya,
Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji.

YAH: KALENDA YA MATUKIO YA MJI NA MIAKA 100 YA LIEMBA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 16 Mei 2027 itakuwa Jumapili. Siku hiyo itatimia miaka 100 tangu meli ya Ziwa Tanganyika iliyozamishwa vitani na kuopolewa irudi kazini kwa jina la Liemba. Sina shaka kwamba ofisi yako itaandaa sherehe, na wala sina shaka itakavyokuwa: hema la kukodi, fulana, keki yenye umbo la meli, ngoma mbili na mgeni rasmi atakayechelewa. Keki siipingi. Ombi langu ni jingine, na gharama yake haifikii kodi ya hema hilo. Naomba Manispaa iwe na kalenda ya mji, ya kutuambia kila siku ya mwaka jambo gani lilitokea hapa kwetu, na iwe na daftari la kuandikia yanayotokea leo.

Mimi ni mwalimu wa historia, mkazi wa Gungu. Wanafunzi wangu wanajua Mkutano wa Berlin ulianza mwaka gani na Majimaji ilianza mwaka gani. Ukiwauliza nini kimewahi kutokea Kigoma, darasa zima litajibu kwa sauti moja: Stanley alikutana na Livingstone. Lini? 10 Novemba 1871. Basi. Hapo historia ya mji inaanza, na kwa wengi ndipo inapokwisha.

Hata tarehe hiyo moja ina mgogoro. Ya 10 Novemba ni ya Stanley. Shajara ya Livingstone mwenyewe inaonyesha kwamba mgeni alikuwa ameshafika mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili wamepeana mikono, wamekula chakula kimoja, kisha hawakubaliani hata mwezi! Safari na homa zilikuwa zimewavuruga hesabu. Lakini Ujiji ya wakati ule ulikuwa mji wa Waislamu, na watu wake walikuwa na kalenda yao. Nimekaa nikapiga hesabu: uchukue Oktoba ya Livingstone au Novemba ya Stanley, zote mbili zinaangukia Shaaban mwaka 1288 Hijria. Ugomvi wa wageni wale unaishia hapo. Kwa watu wa Ujiji, Mzungu mwingine aliingia mjini mwezi wa Shaaban, Ramadhani ikiwa inanukia. Ningependa kuliona hilo limeandikwa mahali fulani pale Ujiji kwenye miembe, penye mnara wa kumbukumbu yao.

Na tukiandika, tuandike pia jina la Susi. Huyu alikuwa mtumishi wa Livingstone, na ndiye aliyemwona Stanley kwanza, akatoka mbio kumpasha habari bwana wake. Livingstone mwenyewe ameandika hivyo. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma ndio waliokuwa mbele ya msafara uliobeba maiti yake kwa miguu hadi Bagamoyo. Sasa nenda Ujiji uulize watoto wanaocheza karibu na mnara huo Susi ni nani.

Februari ni mwezi uliojaa kuliko yote katika historia yetu. Tarehe 13 Februari 1858 Burton na Speke walifika kwenye vilima wakaliona ziwa, ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini Speke alikuwa anaumwa macho vibaya, haoni vizuri. Burton naye aliona kitu kinang'aa chini asijue ni nini, akamuuliza Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyekuwa kwenye msafara wao. Bombay akamjibu kwamba anadhani ni maji yale. Kwa hiyo katika siku hiyo kubwa ya "kugunduliwa" kwa ziwa ambalo Wajiji walikuwa wanavua samaki wake tangu mababu, mmoja hakuona, wa pili hakuelewa alichokiona, na aliyejua hayupo kwenye kichwa cha habari. Tarehe 5 Februari 1915 ndiyo meli yetu ilishushwa majini kwa mara ya kwanza. Na tarehe 9 Februari 1916 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilizamishwa na vimashua vya Waingereza vilivyokokotwa nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika. Hizo ni siku tatu zilizopishana siku nne nne, na bado sijataja kwamba reli nayo ilifika Kigoma Februari 1914.

Nirudi kwenye Liemba, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa bara kuja kuunganishwa hapa Kigoma. Ikaitwa Graf von Götzen. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zikaja kuidondoshea mabomu. Sijui kama Watanzania wengi wana habari kwamba Kigoma ilipigwa kwa ndege miaka hiyo ya mapema. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao ili adui asiipate, lakini kwanza mafundi waliipaka mashine yake grisi nzito, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa 1924, na grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Mafundi waliotumwa kutoka Papenburg wameandikwa kwa majina: Rüter, Wendt, Tellmann. Waafrika waliogonga ribiti juani mwezi baada ya mwezi wameandikwa "vibarua".

Hiyo ndiyo hoja yangu, Mstahiki Meya. Tarehe tulizonazo ni za watu waliotembea na daftari. Wengine wote walikuwepo, na mara nyingi ndio walioifanya kazi yenyewe, lakini hakuna aliyewaandika. Wapo ambao hatutawapatia tarehe kamwe. Waliofikishwa Ujiji wakiwa wamefungwa kamba shingoni, wakavushwa ziwa kutoka Manyema, wakapelekwa Tabora na kushuka pwani, hawakuandikwa siku waliyolala hapa wala siku waliyokufa. Nashauri kalenda iwatengee siku moja hata hivyo. Tunaweza kutumia 5 Juni, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Najua biashara yenyewe haikuisha siku hiyo, na huku bara iliendelea. Mwenye siku bora zaidi na ailete.

Uwanja wa Lake Tanganyika nao una mambo yake. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walikimbia machafuko kwao wakabanana Kagunga, kwenye ule ufukwe mwembamba ulio kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Barabara haikuwepo. Liemba, iliyozaliwa kwa ajili ya vita, ilikwenda na kurudi ikiwaleta mjini, uwanja wetu ukawa mahali pa kuwapokea kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Miaka sita baadaye, tarehe 25 Julai 2021, uwanja huohuo ulijaa watu kwa jambo tofauti kabisa: fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa dakika ya 80, Simba wakachukua kombe. (Mimi ni Yanga. Tarehe hiyo naiweka kwenye kalenda kwa uchungu, lakini naiweka.)

Halafu kuna Julai 1960. Dunia nzima inajua kwamba tarehe 14 mwezi huo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyetutoka 1 Oktoba 2025, alishuka ufukwe wa Gombe. Kisichotajwa ni kwamba kabla ya hapo alikwama mjini, kwa kuwa Kigoma ilikuwa imefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo iliyokuwa imepata uhuru 30 Juni. Yeye na mama yake walishiriki kuwatayarishia mikate. Kijana wa hapa aliyekua akidhani mkimbizi lazima awe Mrundi au Mkongomani anastahili kuambiwa kwamba mji wake uliwahi kuwapokea wakimbizi wa Kizungu, na ukawalisha.

Yako mengine ambayo nayapitia haraka. Wabelgiji, waliotutawala hapa hadi 1921, walipoondoka waliachiwa eneo bandarini kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, mpango ambao serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kuurithi. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutokea hapa kwenda Kongo, akiwa amepewa jina la Kiswahili, Tatu, na Novemba mwaka huohuo akarudi kwa njia hiyohiyo akiwa ameshindwa. Kila moja lina siku yake, lina mahali pake, na mahali pengi unaweza kufika kwa miguu kutoka stesheni.

Sasa daftari. Naliona kuwa muhimu kuliko kalenda yenyewe, ingawa halina sherehe. Tarehe 15 Mei 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti. Kumbukumbu za wizara zitabaki: agizo, ramani, takwimu. Lakini nani aliandika siku ile bei ya dagaa ilikuwaje soko la Mwanga? Nani aliandika kinamama wanaoanika dagaa Katonga walihamia kazi gani? Nani aliandika Kibirizi ilivyokuwa kimya usiku wa giza, usiku ambao kwa kawaida taa za wavuvi hutapakaa hadi huwezi kujua ziwa linaishia wapi? Mwaka 2020 na 2021 maji yalipopanda na kuingia bandarini, wazee walisema waliona hivyo miaka ya 1960. Walikuwa sahihi, ziwa lilipanda sana kufikia 1964. Lakini walisema kwa kukumbuka, na wazee hao wanapungua kila msimu.

Kwa hiyo daftari liandike mambo madogo. Treni kutoka Dar iliingia saa ngapi. Maji yamefika ngazi ya ngapi gatini. Mashua gani imepotea kwenye dhoruba na nani walikuwemo, kwa idhini ya familia. Mvua ya kwanza. Mwembe gani umeanguka Ujiji. Maulidi yamesomwa wapi, parokia gani imetimiza miaka mingapi. Tarehe ziandikwe za kalenda zote mbili, na wavuvi waruhusiwe kuhesabu kwa giza na mbalamwezi kama walivyozoea, maana ndivyo mji huu unavyoishi.

Nitaulizwa nani atafanya kazi hiyo. Watendaji wa mitaa tayari wanaandika mihtasari ya vikao. Mistari mitatu kwa siku haitawaua. Stesheni wana vitabu vyao, bandari wana vyao, misikiti ya Ujiji na parokia zina kumbukumbu za ndoa na maziko. Shule za sekondari zina mamia ya vijana wanaotafuta kazi ya mradi, na nyumba wanazoishi zina bibi na babu. Ninachokiomba kwako ni mtu mmoja wa kulipwa, kabati linalofungwa kwa kufuli, na sharti moja gumu: jambo lisilo na ushahidi lisiingie. Tukikubali kila mtaa ulete "inasemekana", kwa mwaka mmoja tutakuwa na Livingstone aliyelala katika kila nyumba kuanzia Ujiji hadi Kasulu.

Kuhusu kuisoma, mbao za matangazo za kata zipo, nyingi zimebandikwa makaratasi ya zabuni zilizopita. Ubao wa stesheni uko mahali pazuri, abiria wa treni hukaa pale saa nyingi bila cha kusoma. Redio zetu zikipewa mistari miwili kila asubuhi zitaisoma bure, nina imani nazo.

Liemba yenyewe miaka ya karibuni imekaa muda mrefu ikisubiri matengenezo, na sherehe ya meli iliyosimama ina aibu yake. Hilo najua haliko mikononi mwa Manispaa. Kalenda iko mikononi mwenu. Tarehe 16 Mei 2027 inaangukia mwaka wa fedha 2026/27, kwa hiyo ombi langu kamili ni kwamba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya Baraza la Madiwani na litengewe fungu, hata likiwa dogo, ili siku ya keki kalenda iwe imeshachapwa.

Tarehe za Februari na Julai nimeshazikusanya na kuzihakiki. Naweza kuzileta ofisini kwako siku yoyote ya kazi baada ya saa tisa alasiri, nikitoka darasani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa historia,
Gungu, Kigoma.

Nakala: Afisa Utamaduni wa Manispaa, Waheshimiwa Madiwani wote, Mkuu wa Stesheni, Kigoma.