Vita vile havikuwa vya kasi, na sisi tulifungiwa bahari

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu ujana wangu na sijapata kukuandikia. Ile habari yenu ya jeshi letu la Kenya kuingia Somalia mwaka 2011 kupigana na al-Shabaab imenishinda kunyamaza. Mmeandika kwamba ilikuwa operesheni ya kasi: vifaru na magari ya deraya yakavuka mpaka, adui akatimua mbio, kazi ikaisha. Mkachora na ramani yenye mishale mikubwa. Lamu yetu, iliyopakana na Somalia, haimo hata kwa jina.

Kasi gani hiyo? Saitoti, waziri wa usalama wa ndani, aliitangaza operesheni Oktoba 15, kesho yake majeshi yakavuka. Mwezi haujaisha, vuli ikanyesha na magari yakakwama matopeni njia ya Afmadow, mji wa kusini mwa Somalia. Udongo ule ukishakunywa maji haubebi gurudumu, na yeyote aliyewahi kupita huko na ng'ombe angewaambia. Afmadow ikaja kuingiwa mwisho wa Mei 2012. Kismayu ilichukuliwa Septemba 28, 2012, tena kwa kushukia pwani kutoka baharini. Huo ni karibu mwaka mzima.

Sababu zilikuwepo, sikatai. Septemba 2011 Mwingereza aliuawa Kiwayu, huku huku Lamu, na mkewe akatekwa. Oktoba mosi bibi mmoja Mfaransa, asiyejiweza kwa miguu, alibebwa na watekaji Ras Kitau, kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Shela, kiti chake cha magurudumu kikaachwa. Akafia mikononi mwao. Tulihuzunika sana, kwani mgeni wa Manda ni mgeni wetu.

Ninacholalamikia ni kwamba kwenu vita vimeishia pale mishale ilipoishia. Kwetu ndipo vilipoanzia. Mwaka ule ule tulipigwa marufuku kuvua usiku, na marufuku haikuondolewa hadi 2018. Jarife, wavu wetu wa kutega, hutegwa jua likizama na kuvutwa alfajiri, kwa sababu mchana samaki anauona uzi. Kumkataza mvuvi wa jarife usiku ni kumfungia duka. Niseme na yaliyonipata mwenyewe. Demani ya 2012, bahari shwari, nilitoka Kizingitini mchana na mwanangu wa miaka kumi na minne, tukiwa na nia ya kurudi kabla ya magharibi. Mashine ikazima. Upepo nao haukuwepo, tanga likaning'inia tu kama nguo kambani. Tukapiga makasia mpaka giza likatukuta, na chombo cha doria kikatukuta pia. Niliwaeleza, nikawaonyesha mashine, bado ilikuwa imefunguliwa na plagi iko mkononi mwangu. Hawakutaka kusikia. Jarife langu, vipande vinne nilivyovishona mwenyewe msimu mzima, walilikata kwa kisu, kipande baada ya kipande, wakalitupa majini. Tukakalishwa pale mpaka asubuhi. Barafu ikayeyuka, maji mekundu yakawa yanachuruzika kutoka kwenye sanduku, na kolekole wote macho yakawa meupe. Mwanangu hakulia wala hakusema neno. Tulipofika nyumbani alikwenda kukoga, na toka siku hiyo hajatia mguu chomboni. Sasa anaendesha bodaboda Mokowe. Babu yake alikuwa nahodha, na baba wa babu yake pia, na kwangu mimi imekatika. Hiyo ndiyo kasi ninayoijua.

Na kijana huyo huyo, alipokwenda kutafuta kitambulisho, aliambiwa alete karatasi za babu na za bibi kwa kuwa ni Mbajuni, na huenda akawa ametoka ng'ambo. Bibi yake alizaliwa Chula, kisiwa cha upande wa Somalia, ni kweli. Sisi tumeishi visiwa hivi vyote, vya huku na vya kule, kabla haujatiwa mpaka. Alizungushwa miezi kumi na tatu. Haya nayo hamyaandiki.

Watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni, hapa Lamu, na jirani zake Juni 2014, na al-Shabaab walisema wazi kwamba ni kwa sababu jeshi letu liko Somalia. Mwandishi wenu amewapa sentensi moja, mwisho kabisa, chini ya picha ya kifaru.

Ninaomba hivi. Kila Oktoba 16 mkiandika habari hii, tengeni nusu ukurasa wa Lamu, ubavuni mwa ramani. Chapisheni bei ya kipande cha jarife Faza mwaka 2011 na bei yake leo, na idadi ya vyombo vilivyokuwa vikilala baharini Kizingitini wakati huo na vinavyolala sasa. Mwandishi akija kuhesabu, aje mwezi ukiwa haupo, asilale hoteli. Nitampa nafasi kwenye mashua yangu, petroli juu yangu, na mke wangu atamfungia mkate wa mofa na samaki wa kukausha. Aulizie tu mashua ya kijani karibu na gati, wenyeji watamleta.

Mvuvi,
Kizingitini, Lamu