Barua kwa Mhina: uamuzi wa tatu umefutwa

Glasgow,
18 Januari 2026

Ndugu yangu Mhina,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako ilinifikia wiki jana, nawe umeniuliza kama ni kweli kwamba Waskoti wameufuta ule uamuzi wao wa tatu uliokuwa ukituchekesha tulipokuwa Mlimani. Ni kweli. Kwa muda mrefu juri ya hapa, yaani raia wa kawaida wanaokaa mahakamani kuamua kesi, ilikuwa na njia tatu za kumaliza kesi ya jinai: ana hatia, hana hatia, au shtaka halijathibitika. Njia hizo mbili za mwisho zilikuwa na matokeo yale yale, yaani mshtakiwa kuachiwa huru, wala hakukuwa na kifungu cha sheria kilichoeleza tofauti yake. Septemba 2025 Bunge la Edinburgh lilipitisha sheria ya kuufuta, na kesi zinazoanza kusikilizwa kuanzia tarehe 1 mwezi huu zinaamuliwa kwa ndiyo au hapana tu.

Mara ya mwisho nilipousikia ilikuwa katika mahakama ya sherifu (sherifu wa huku ni hakimu, si yule wa filamu mwenye bastola kiunoni). Kiongozi wa juri alitamka kwamba shtaka halijathibitika, na mteja wangu, kijana fundi bomba, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama itambidi arudi siku nyingine. Nikamwambia aende zake nyumbani. Upande wa pili wa ukumbi, mlalamikaji aliyekuwa amekumbatia koti lake mapajani alikuwa akimuuliza mwenziwe swali hilohilo. Watu wale wawili hawakukubaliana kwa neno hata moja katika kesi nzima, na sasa wote wawili walikuwa hawajaelewa walichoambiwa. Tangu siku ile sikuutetea tena uamuzi huo, ingawa ulikwisha kuniokolea wateja kadhaa.

Kwangu mimi, lililo zito zaidi katika sheria hiyo ni hesabu. Juri ya Scotland ina watu 15, na zamani kura 8 zilitosha kumtia mtu hatiani. Sasa zinatakiwa 10. Sisi tulilelewa na wazee wa baraza, ambao walimshauri jaji, naye akawa na hiari ya kuufuata ushauri wao au kuukataa kwa kueleza sababu. Hapa raia waliookotwa kwa bahati nasibu ndio waamuzi, na hawatoi sababu yoyote, kwa hiyo kura mbili za ziada si jambo la kubeza. Nazihitaji hasa kwa kuwa ngao nyingine ya mshtakiwa imepunguzwa unene. Unakumbuka kanuni yao kwamba hakuna atiwaye hatiani kwa ushahidi wa chanzo kimoja? Ingalipo, lakini mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Jinai ilitengua msimamo wake wa 1997 na kuamua kwamba fadhaa aliyoonekana nayo mlalamikaji muda mfupi baada ya tukio yaweza kuunga mkono maelezo yake kuhusu tendo lenyewe.

Kuhusu usimamizi wa taaluma yetu nitasema kwa ufupi. Mwaka 2018 ripoti iliyoagizwa na serikali ilipendekeza chombo huru cha kutusimamia, lakini sheria iliyopitishwa Mei 2025 imekiacha chama chetu cha mawakili, kilichoundwa 1949, kiendelee kuwa mtetezi wetu na msimamizi wetu kwa wakati mmoja. Kipengele kitakachokufurahisha ni cha vishoka. Jina la wakili lilikuwa limelindwa siku nyingi, lakini mtu yeyote aliweza kujiita mwanasheria na kuwatoza watu fedha. Sheria hii mpya inalifanya kuwa kosa kulitumia jina hilo kwa nia ya kuhadaa.

Lakini mshtakiwa hana faida na kura 10 kama hana wa kusimama naye, na hapo ndipo penye kidonda. Kazi ya jinai kwa sehemu kubwa hulipwa na mfuko wa serikali wa msaada wa kisheria, na viwango vyake viliachwa nyuma kwa miaka mingi wakati kodi ya ofisi na mishahara vikipanda. Vijana humaliza shahada, stashahada ya utendaji na miaka miwili ya mafunzo ofisini, kisha, wakishapiga hesabu, huenda kwenye kampuni za mikataba ya biashara au kwa waendesha mashtaka wa serikali, ambako kuna mshahara wa uhakika na pensheni. Ofisini kwetu nina miaka hamsini na mbili na mimi ndiye kijana.

Juzi nilipita Paisley, mji alikonywea soda yule bibi wa konokono tuliyemkariri mwaka wa kwanza, Bi Donoghue, aliyedai kwamba mlikuwa na konokono ndani ya chupa. Tulikariri kanuni ya jirani, kwamba ujihadhari usimdhuru yeyote anayeweza kuguswa na utendalo, lakini hatukuambiwa kwamba alifika mbele ya Mabwana, mahakama ya juu kule London, akiwa amekubaliwa kushtaki kama fukara, wala kwamba wakili wake wa Glasgow, Walter Leechman, alikuwa ametoka kushindwa katika kesi nyingine ya panya ndani ya chupa. Alishindwa na panya, akamchukua konokono wa mwanamke asiye na pesa. Najiuliza kama leo mwanamke huyo angempata wakili wa kuinua simu yake.

Mpwa wako aliyeulizia kuja kusoma huku, mwambie aniandikie yeye mwenyewe, nami nitampa gharama zote bila kumficha. Kesho ni Jumatatu na zamu ya mahabusu ni yangu. Waliokamatwa tangu Ijumaa usiku wanaletwa pamoja, nami huongea nao mmoja mmoja kwa dakika chache kabla hawajapandishwa kizimbani. Nitalala mapema.

Wako,
Salimu